Aliyekuwa Chini

Jina lake lilikuwa Casimir, na jina hilo ndilo lililoniponza. Asubuhi nilipolisoma kwenye karatasi ya zamu nilikimbilia chumba namba kumi na nne nikiwa na salamu za Kishi, lugha yetu, mdomoni, maana kwetu Bukavu kila mtaa una Casimir wake. Nikamkuta mzungu mrefu kuliko kitanda, mwenye miaka mia moja na mmoja, mtoto wa Wapolandi wa hapa Buffalo. Nilicheka peke yangu mlangoni. Naye akacheka, bila kujua anacheka nini.

Mimi natunza wazee Tonawanda, kaskazini mwa Buffalo, mwaka wa sita sasa. Wasichana wenye umri wa wanangu walikuwa wakimwita Casey. Mimi sikuweza. Mtu wa umri ule umwite kama unamwita mtoto wa jirani aje achukue mpira wake? Nilimwita Papa, yaani baba, na msimamizi aliponiambia kwamba wakazi wanaitwa kwa majina yao, nilimjibu ndiyo, nikaendelea kumwita Papa.

Nilimnyoa kila asubuhi, na alipenda kusimulia vita vya dunia wembe ukiwa shingoni. Alikuwa kwenye kikosi cha ndege kubwa za mabomu, zile za injini nne zinazobeba watu kumi, huko Uingereza mashambani. Walilala kwenye nyumba za mabati za mviringo, wanaume kumi na wawili na jiko moja la makaa lisilopasha hata chai. Matope kila mahali. Kila mtu alikuwa na baiskeli, na kila baiskeli ilikuwa ya wizi. Siku ya kawaida walipewa mayai ya unga. Siku ya kuruka waliamshwa alfajiri na kupewa mayai ya kweli, mawili mawili, ndiyo maana mpaka uzee wake akiletewa yai zuri alilisukuma kando.

Baadaye waliingia kwenye chumba chenye ramani kubwa iliyofunikwa kwa pazia. Afisa alivuta pazia, na juu ya ramani kulikuwa na uzi mwekundu unaoonyesha safari ya siku hiyo. Uzi mfupi, watu walipiga makofi. Uzi mrefu, walinung'unika kama wanafunzi waliopewa mtihani wa ghafla.

"Na juu huko?" nilimuuliza.

"Baridi. Ukigusa chuma bila glavu, ngozi inabaki kwenye chuma. Tulivaa nguo zenye umeme ndani. Yangu ilipasha mguu mmoja tu."

Wasiporudi wenzao, mtu alikuja kabla ya chakula cha jioni kufungasha vitu vyao: barua, picha, sigara. Kesho yake vijana wapya walilala kwenye vitanda vile vile. Papa alisema aliacha kuuliza majina ya wapya. Aliona aibu kuliko alivyoona kwa mengine mengi, na alilisema jambo hilo mara mbili.

Kazi yake mwenyewe ilikuwa kulala kifudifudi kwenye pua ya kioo ya ndege na kuachia mabomu. Alikwenda safari thelathini na tano. Alizisimulia zote isipokuwa ya kumi na tisa. Kila akifika kumi na nane aliruka hadi ishirini, nami sikuuliza. Sikuuliza kwa sababu namjua mtu anayeruka namba. Mimi nikisimulia maisha yangu naruka mwaka mzima.

Mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado dirishani, aliisimulia. Kiwanda walichotumwa kukipiga kilifunikwa na mawingu. Amri ilikuwa kwamba mkikosa shabaha mliyopewa, mtafute nyingine yoyote njiani, msirudi na mabomu. Ndege iliyoongoza ilikuwa imepigwa na kurudi nyuma, kwa hiyo yake ndiyo ikawa mbele. Na ya mbele ndiyo inayoamua: nyingine kumi na moja zikiona mabomu yake yametoka, nazo zinaachia. Mawingu yakafunguka kidogo. Akaona reli, na kando ya reli uwanja wenye vidoa vyeupe, safu kwa safu.

"Nilijua ni nini," alisema. "Mama yangu aliuza kabichi chini ya maturubai kama yale. Lilikuwa soko. Kidole kilikuwa tayari kwenye swichi, nikajiambia nyuma yake kuna reli." Kwenye ripoti waliandika kituo cha reli. Alipewa medali.

Niliweka wembe chini. Sijui ni nani aliyenituma kufungua mdomo, lakini nilimwambia yangu. Kwamba nasi tulikuwa na soko, Jumamosi, upande wa Kabare, karibu na Bukavu, wakati wa vita vya pili vya kwetu. Kwamba ndege ilipita mara moja, ikageuka, ikaachia mabomu. Sitasema ilikuwa ya nani. Ukitaja tu, nusu ya kanisa letu wanahama viti. Mama yetu alibaki pale, juu ya ndizi zake. Dada yangu Charlotte alikuwa naye, akatoka na mguu wa kushoto uliolemaa. Mimi nilikuwa nyumbani nafua. Nimemchukia yule rubani tangu siku hiyo, na nilimchukia vizuri, bila likizo.

Papa alinitazama, povu likimkauka shavuni. Kisha akauliza, "Yule aliyekuwa juu. Umemsamehe?"

Nikaona machozi yake, nikajua anajisemea yeye mwenyewe. Moyo wangu ulijaa, nikamshika bega, nikamwambia, "Sorry, Papa. Sorry, sorry."

Aligeuza uso ukutani. Nilimaliza kumnyoa. Kesho yake hakunisimulia kitu, wala kesho kutwa. Nilidhani ni uchovu. Wiki mbili baadaye binti yake Diane, mwanamke mpole wa miaka sabini hivi, alikuja kumchukua akaishi karibu naye Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus, jimbo jingine. Aliniachia kadi ya shukrani yenye namba ya simu. Papa alinipa mkono kama anavyompa daktari.

Iliniuma. Jumapili nilimpigia Charlotte, aliyeko Louisville, nikamsimulia yote. Charlotte anabandika lebo kwenye ghala moja kule. Wamempa kiti kwa sababu ya mguu.

"Na weye ulimujibu nini?" aliuliza.

"Nilimwambia sorry."

Alicheka mpaka akakohoa. "Weye Gracieuse! Donc, ni kusema ulimukatalia."

"Nimukatalie nini, yaya? Nilimupa pole!" Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa.

"Pole iko mu kichwa yako. Mu masikio yake ulisema hapana. Huku mutu anaomba kazi, banamujibu sorry. Anaomba nyumba, sorry. Unakumbuka ile siku karto ya mizigo ilianguka ku muguu ya ule mwanamuke wa kazini? Miye niko mbali kabisa, nasema sorry, sorry, namuhurumia. Chef wa kazi akaandika jina yangu, eti miye njo niliangusha."

Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni. Miaka sita nimekuwa nikiwapa wazee wa Tonawanda pole zangu zote kwa neno lile, na sijui wangapi walinisikia nikikiri makosa nisiyoyafanya au nikiwanyima vitu nisivyokuwa navyo. Wengine hawakunihusu tena. Lakini Papa Casimir aliniomba msamaha wa mwisho mwisho, mtu wa miaka mia moja na mmoja, nami nilimfungia mlango usoni huku nimemshika bega. Angeweza kufa wiki ile ile akiamini hivyo.

Nilimpigia Diane. Alisema njoo, lakini usikawie, siku hizi anakula kidogo sana.

Bahati nzuri kwaya za makanisa yetu zilikuwa zikikutana Columbus mwezi huo. Mimi nilipanda basi Buffalo na kukaa humo muda wa saa nane. Charlotte alitoka Louisville na gari lake mwenyewe. Mguu wa kulia ni mzima, na gari za huku hazidai zaidi ya huo. Alinichukua kituoni akiwa tayari na kitenge cha kwaya.

"Utamwambia nini?" aliniuliza tukiwa njiani kuelekea Reynoldsburg.

"Kwamba nimemusamehe."

"Nani?"

"Papa Casimir."

"Yeye njo alitupiga?"

"Yaya, acha. Mutu anakufa."

"Bon," alisema, akawasha taa ya kukata kona. Dada yangu akisema bon, jua kwamba ana mengine na ameyameza.

Papa alikuwa amepungua. Kitanda sasa kilimtosha. Diane alitutolea viti, akasema baba yake ananitaja, kisha akatuacha. Charlotte alibaki karibu na mlango, kwa sababu Kiingereza chake ni cha ghalani, na kwa sababu alitaka kuona. Mimi nilipiga magoti ili nimfikie sikio.

Nilikuwa nimeyapanga kwenye basi. Nilimweleza kwamba kwetu kuna neno la kumpa mtu anayeumia, na kwa Kiingereza sikuwa nalo, nikachukua lililokuwa karibu. Kwamba sikumkatalia. Kwamba namsamehe.

Alisikiliza, kiganja nyuma ya sikio. Kisha akakunja uso. "Unanisamehe mimi? Kwa lipi? Sikukupiga wewe."

"Lakini uliniuliza, Papa."

"Nilikuuliza kama umemsamehe yule wako." Alitua kupumua. "Nilitaka kujua kama inawezekana. Miaka themanini sikuwa na mtu wa kumuuliza. Wote niliowajua tulikuwa juu pamoja. Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyekutana naye aliyekuwa chini."

Niliketi juu ya visigino vyangu.

"Ukasema sorry. Nikajua haiwezekani. Sikukukasirikia. Kila mtu humu ananishukuru kwa utumishi wangu jeshini. Wewe uliniambia kweli. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na swali jingine." Akanitazama kwa macho yale mepesi. "Sasa unasema ulikosea neno. Basi niambie. Umemsamehe?"

Nimesema ovyo maisha yangu yote. Nimemjibu msimamizi, nimemjibu mchungaji, nimewajibu wanaume wawili niliokuwa nikiwapenda. Pale nilitaka kusema ndiyo, nikakuta ni uongo. Nilikuwa nimesafiri saa nane kumpelekea mtu kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho. Neno nililolijutia wiki zote zile ndilo lililokuwa la kweli, na niliona aibu kiasi kwamba nilitazama viatu vyangu.

Halafu akainua kidole kuelekea mlangoni. "Na huyu?"

"Dada yangu. Yeye ndiye aliyekuwa sokoni."

"Muulize."

Nikageuka. "Anauliza kama ulisamehe ule wa ndege."

Charlotte hakushtuka. "Zamani," alisema.

"Zamani gani?"

"Ule mwaka wenyewe. Nilikuwa nanyonyesha Gloire, na maziwa ikaanza kukauka. Mama mukwe akaniambia ni hasira njo inakausha. Bon, nikaona mama alikufa, muguu ilienda, na mutoto tena? Nikamuachilia ule mutu. Haikukuwa kwa ajili yake. Ilikuwa kwa ajili ya mutoto. Nilisema kwa sauti, peke yangu, mu kikoni, mbele ya masufuria, kisha nikatia mutoto ku ziwa anyonye."

"Yaya! Haukuniambia!"

"Haukuniuliza. Nilikuona uko na hasira ya batu wawili, nikasema mudogo yangu amenibebea na ile yangu." Akatengeneza kitenge begani. "Mwambie. Mutu anangoja."

Miaka yote ile nilidhani namchukia yule rubani kwa niaba ya Charlotte. Nilijinyima usingizi wangu, nyimbo zangu, na sala ya Baba Yetu niliyokuwa nikiinyamazia katikati, penye kusamehe, kila Jumapili, kwa ajili ya dada aliyekuwa amekwisha kuweka mzigo chini, akaenda zake kupika. Laiti ningemuuliza mara moja tu.

Papa bado alikuwa na kiganja sikioni. Nimewahi kuwakalimania watu wetu hospitalini, na sheria yao ni moja: mkalimani hasemi "anasema amesamehe." Anasema kama mwenyewe alivyosema. Kwa hiyo nikainama nikamwambia, kwa Kiingereza, polepole, kwa sauti yangu mimi: "Nilimsamehe mwaka ule ule. Nilikuwa na mtoto wa kunyonyesha."

Nadhani alichanganya, akadhani najisemea mwenyewe, au masikio yalimwangusha. Alianza kulia. Alinyoosha mkono, akaupita wa Charlotte uliokuwa umekuja karibu, akaushika wangu, akausogeza shavuni na kunishukuru mimi, tena na tena. Charlotte alinitazama ili nimweleze Papa kosa. Sikumweleza, na mkono sikuutoa.