Kiti cha Nne cha Mazimwi

Haya yote ni kweli tupu, na kama nadanganya, beberu wangu aliwe supu. Hivyo ndivyo nilivyowaapia watu kwenye banda la video la Kashinje, Kawajense, ambako tangu nistaafu reli natafsiri filamu za Kizungu kwa maiki.

Mchana huo ilikuwepo mpya. Studio za ng'ambo zimefufua mazimwi wa zamani na kuwaweka katika dunia moja, hivyo zimwi wa filamu hii anaibukia katika ile. Mnyonya damu, maiti wa sanda na mtu anayegeuka mbwamwitu walikaa meza moja. Kiti cha nne kilikuwa kitupu.

“Wanasema wa nne hajapata filamu bado,” nikatafsiri polepole. “Yuko huku Katavi. Anasikia harufu yetu.”

“Mzee Selestini, acha hizo!” akasema Kabula, muuza karanga.

Hapo bati la nyuma likakwaruzwa. Likanyamaza. Likakwaruzwa tena, chini zaidi, karibu na miguu yetu. Banda zima likaacha kutafuna. Hata mimi nilishtuka, maana kamba iliyofungwa kwenye kidole changu cha mguu nilikuwa sijaivuta.

Bati likasukumwa. Pembe mbili zikaingia.

“Nyie, tokeni!” mtu akapiga kelele.

Kabula peke yake hakukimbia. Aliifuata kamba kwa macho, kutoka shingo ya beberu wangu, chini ya benchi, mpaka kidoleni kwangu.

“Mzee, hebu rudia. Uliapa nini vile?”

Beberu nilimchinja mwenyewe. Wakanywa supu, wakanipa shingo.