Bluu ya Ukuta wa Mlango

Mama mkwe alipokuta kopo la bluu iliyokoza chumbani kwake, roho ilimruka. Yeye alitaka rangi ya maziwa, ileile aliyoizoea tangu enzi zake za kushona magauni ya maharusi.

"Bluu ni ya ukuta wa mlango tu, mama," mkaza mwana wake alisema. "Itapendeza."

"Impendeze nani? Chumba kitakuwa kama stoo!"

Neno hilo likamganda kichwani. Hivi karibuni mkaza mwana alikuwa na mambo: kaondoa zulia, kahamisha meza ya kando ya kitanda, tena humtazama kwa pembe ya jicho bila kusema kitu. Na mwanawe mwenyewe yuko safari ya kikazi. Nani angemtetea? Wananitoa, alijiambia. Wameanza na rangi.

Akaaga anakwenda kuoga, kumbe kajibanza ukumbini. Fundi rangi alikuwa akikoroga.

"Mlango na swichi viache vyeupe kabisa," mkaza mwana alinong'ona. "Akikuuliza, mwambie ndiyo fasheni. Sitaki ajue."

Mama mkwe akajitokeza. "Nisijue nini? Sema hapa hapa!"

Fundi akainamia kopo lake kana kwamba limemwita.

"Mama, tulia..."

"Nitulie vipi? Unanifukuza kwa brashi!"

Mkaza mwana akamshika mkono. "Unapapasa ukuta ukitafuta mlango. Zulia lilikuwa likikukwaza. Juzi ulimimina chai mezani, kikombe kikiwa pembeni. Muuguzi wa macho kaniambia mlango ukitofautiana na ukuta utauona."

Mama mkwe akauchomoa mkono wake. Muda wote huo alidhani kaficha vizuri. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa kitambaa cha kichwani mbele ya wageni.

"Mwanangu umemwambia?"

"Hapana."

"Kwa nini?" Bado alimtilia shaka.

"Macho ni yako, mama. Wa kusema ni wewe."

Akautafuta uso wa mkaza mwana. Akaona ukungu tu, ila sauti aliisikia ikitetemeka.

"Fundi, paka bluu," alisema. "Ukinidondoshea kwenye shuka, utanitambua."

Rangi ilipokauka, aliuendea mlango moja kwa moja, mikono kiunoni. Siku chache baadaye wakaenda kliniki ya macho, wao wawili tu. Njia nzima alimhoji mkaza mwana kuhusu yule muuguzi: ana mdomo mrefu, au hana?