Mahudhurio ya Mtoro

Ndege mwenyewe alikuwa na jina refu la kitaalamu ambalo hata waliolitunga walilisoma kwa kuchungulia karatasi. Ofisini walimwita Mtoro. Alikuwa mdogo, wa kijivu, haishi popote duniani isipokuwa kwenye msitu wa kisiwa kimoja, na kwa miaka saba hakuna aliyemwona wala kumsikia. Wa mwisho kumsikia alikuwa mlinzi wa kisiwa. Tangu siku hiyo mlinzi akabaki peke yake kwenye kibanda cha mabati, yeye na vinasa sauti sita vilivyofungwa mitini, vikisikiliza msitu kutwa kucha.

Kazi haikuwa ya kumtoa mtu jasho. Kila Jumatatu alizunguka msituni akichomoa kadi zilizojaa na kuweka mpya. Zilizojaa zilipanda boti hadi ofisini, kwa binti aliyeajiriwa kusikiliza tu, na ambaye wenzake walishamwita Masikio. Kulikuwa na sharti moja. Ukishaweka kadi mpya, unabonyeza kinasa kianze baada ya robo saa, ili kisinase kikohozi chako na viatu vyako. Ofisi hawakutaka habari za mlinzi, walimtaka ndege.

Mwaka huu bosi alisema wazi. Mtoro asiposikika hadi mwisho wa mwezi, ataandikwa kuwa ametoweka duniani, na kibanda kitafungwa. Binti wa mlinzi alifurahi mno.

"Baba, sasa utarudi uishi kama watu. Wajukuu zako wanadhani babu ni sauti ya kwenye simu."

Mlinzi alicheka ili kumridhisha. Hakumwambia kwamba kurudi kulimtia hofu. Mkewe alikwisha kufariki, na chumba alichoandaliwa mjini kilikuwa cha wageni, chenye mashuka yasiyo na harufu ya mtu. Huku angalau alikuwa na wa kumsubiri.

Zikiwa zimebaki siku nne, simu iliita asubuhi. Huwa anaiacha juu ya tangi la maji, mahali pekee penye mtandao, kwa hiyo mzee mzima akapanda ngazi mbio kama aliyefukuzwa na nyuki.

"Mzee wangu, umekaa?" Masikio alikuwa anahema.

"Niko juu ya tangi, nitakaaje?"

"Basi shika kitu. Mtoro amehudhuria! Kinasa namba nne, Jumatatu ya wiki iliyopita, saa moja kasoro asubuhi. Nimesikiliza mara thelathini. Ni yeye, piga ua! Bosi anaandika barua sasa hivi."

Mlinzi alilia. Alilia bila haya, amekumbatia bomba la tangi, na wala hakujifuta. Miaka saba!

"Niwekee na mimi nisikie, mwanangu."

Akamwekea. Sauti nne zikipanda, ya tano ikashuka. Mlinzi akatabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni. Ile sauti ya tano ilikuwa na upepo ndani yake, upepo mdogo unaopita penye pengo la jino lake mwenyewe. Jino lenyewe aling'olewa mwaka juzi. Akarudisha siku nyuma kichwani. Jumatatu hiyo alisahau miwani kibandani, maandishi ya vitufe hakuyaona; vinasa vingine akavibahatisha, cha nne kikamshinda, akasema potelea mbali, akakiwasha papo hapo.

Alijua kwamba angeweza kujinyamazia. Hakuna binadamu mwingine aliyemjua Mtoro kiasi cha kumtofautisha na mzee mwenye pengo. Kibanda kingebaki, bosi angepongezwa, na ndege angeendelea kuishi vizuri kwenye makaratasi. Lakini hakuwa amemsubiri ndege wa makaratasi, na aibu ilimpanda hadi masikioni kwa kufikiria tu kumwekea mwingine mahali pake.

"Mzee wangu? Upo?"

Alikunja midomo akapiga mluzi kwenye simu. Nne zikipanda, ya tano ikishuka.

Kisha Masikio akasema polepole, "Usinifanyie hivyo."

"Nisamehe, mwanangu. Mdomo umezoea. Sikujua hata kama ninapiga."

"Na nyayo zako nilizisikia!" Sasa alikuwa karibu kulia. "Nikadhani robo saa imeshapita, ndege ameimba, halafu wewe umerudi kuchukua kitu. Maana zinasikika baadaye kabisa. Unapiga mluzi, halafu dakika nzima hakuna kitu, ndipo nyayo zinaondoka. Dakika nzima, mzee. Ulikuwa unafanya nini hapo?"

Mlinzi alitaka kusema alikuwa anafunga mkoba. Lakini mkoba ulikuwa mgongoni. Akajikumbuka alivyosimama, pumzi ameibana, kichwa amekiinamisha upande. Akakumbuka alisimama hivyo hivyo kwenye mti wa tano, na wa sita, na Jumatatu iliyotangulia, na zote za miaka saba.

"Nilikuwa nasubiri aniitikie," akasema.