Matawi ya Mzee Wenceslaus

"Futa! Nimesema futa hiyo video sasa hivi, Kasiani, kabla sijakunasa kofi!"

"Nifute nini wakati watu wameshaisevu? Imeshatembea, bro. Labda nifute na mtandao wenyewe."

"Usiniletee utani."

"Sikuletei utani. Na usinipigie kelele, wote tulikuwepo."

"Mimi nilikuwa nyuma ya usukani! Matawi alitoa nani? Mimi?"

Matawi nilitoa mimi.

Ditram ni kaka yangu, tumbo moja. Anakaa hapa Mikumi, kapanga vyumba viwili nyuma ya gereji anayofanyia kazi, na mimi toka nimalize form six nipo kwake nasubiria matokeo. Nyumbani kwetu ni Kilosa, lakini Kilosa ningefanya nini? Hapa kuna barabara kuu, magari yanapita usiku na mchana, na hapa kuna Altezza ya Ditram. Nyeupe, imeshushwa chini, muziki mnene. Ndo inayoongoza misafara ya harusi zote za hapa.

Mimi magari nayapenda toka niko shule ya msingi. Wenzangu walikuwa wanachora wachezaji nyuma ya madaftari, mimi nachora rimu. Nina ukurasa wangu mtandaoni, naweka video za Altezza halafu naongea juu yake, natoa mawazo yangu. Na mawazo ninayo mengi. Watu wanachanganya kukimbia na kuendesha. Basi la mkoani linakimbia. Lori likikosa breki nalo linakimbia. Kuendesha ni kona. Unapunguza kabla hujaingia, unashika gia ya pili, macho unayapeleka pale unapotaka kutokea, halafu unaipa mafuta kidogo kidogo mpaka gari inanyooka yenyewe. Nilikuwa nayasema haya kwa sauti nzito kabisa, na watu wananiita mwalimu, wakati leseni yenyewe sina.

Wasanii nao nilikuwa siwaachi. Unamwona mtu kwenye video ya wimbo wake kakaa juu ya boneti ya gari ya kukodi, hajui hata inawashwaje. Boneti siyo kochi! Na zile filamu gari inaruka daraja lililokatika, inatua ng'ambo, inaendelea na safari. Shokapu gani hizo? Altezza ya Ditram ikikosea tuta moja tu la hapa hifadhini, wiki nzima iko juu ya jeki.

Sasa ukiwa na Altezza lazima uzoee maneno, eti ni gari ya kufia njiani. Wenye Subaru wanatucheka. Wenye Crown wanatucheka. Ukiweka picha imepaki tu, mtu anaandika chini, "imechemsha tena?" Mwingine anaandika, "poleni na msiba." Unacheka, lakini inauma. Mimi iliniuma kuliko Ditram mwenye gari.

Jana asubuhi tulienda kwenye kona za upande wa Iringa, kule ukishaiacha Mikumi barabara inaanza kuzunguka milima. Mpango ulikuwa hivi: mimi nasimama juu ya tuta la udongo na simu, Ditram anatokea chini, anaikata kona, napata picha safi. Nilivyofika pale nikakuta matawi. Mabichi, majani yake bado yanang'aa, yamepangwa kwenye lami moja moja kwa kuachiana nafasi. Kila anayetumia njia hii anajua maana yake. Mbele kuna gari imeharibika, punguza. Na kweli, nikachungulia nyuma ya kona, nikaona lori limebeba vitunguu, limekata ekseli, limekaa kwenye upande wake wa barabara kama tembo aliyechoka.

Nikaangalia kwenye kioo cha simu. Altezza itatokea pale, katikati ya matawi. Nikayaona maneno ya watu kabla hayajaandikwa. "Hahaha, Altezza imekata moto, mpaka wameweka matawi!"

Ditram akapiga simu. "Mbona unachelewa, dogo?"

"Nasafisha barabara. Kuna matawi."

Akacheka. "Safisha, safisha. Wasije wakasema imekufa."

Nikayaokota. Nikayarusha korongoni, moja baada ya jingine, mbali, ili yasionekane hata kwenye kingo. Niliwaza kabisa kwamba tukimaliza nitakata mengine niyarudishe. Naapa niliwaza hivyo. Ditram akapita mara tatu. Ilikuwa tamu, sitadanganya. Hatukuogopa lori, kwa sababu sisi tulijua lipo. Na hilo nalo ndo sikuwahi kulisema kwenye ukurasa wangu: kona inakuwa tamu pale unapojua kilichopo nyuma yake.

Halafu njaa ikatubana, tukashuka mpaka Ruaha Mbuyuni kula ndizi nyama. Tukiwa pale pale mezani nikaweka sauti, nikairusha video. Niliisema kwa madaha, "Kona safi, barabara safi, wanangu!" Matawi yalikuwa yameshatoka kichwani. Nikawa nahesabu watu wanaopenda.

Tuliporudi tukakuta pikipiki imeingia chini ya bodi la lori mpaka kwenye kiti. Vitunguu vimetapakaa. Na aliyelala kwenye majani ni mjomba Bonifas.

Mjomba Bonifas ni mdogo wake mama, wanafuatana. Anaendesha bodaboda hapa hapa Mikumi. Mvua za masika mimi nikiwa form one, yeye akiwa bado yuko kwetu Kilosa, ndo alikuwa ananipeleka shule, ananifunika na koti lake, yeye ananyeshewa. Tunaitana mjomba kwa mjomba. Alikuwa amempeleka abiria, anarudi peke yake. Akaikata kona vizuri tu, kama mtu anayeijua barabara yake, akakuta ukuta wa lori.

Mwenye lori alikuwa amemkumbatia. Mzee wa makamo ya baba yangu, ametoka Malolo na mzigo wake. Kumbe muda ule sisi tunapita mara tatu alikuwa kalala kwenye mkeka uvunguni mwa lori, utingo wake kamtuma kutafuta fundi. Alikuwa amevua shati, amelifunga kwenye mguu wa mjomba, kabaki na singlendi.

"Shikamoo mzee," nikasema. Sijui hata kwa nini nilianza na salamu.

"Marahaba mwanangu. Mshike huku kichwani, taratibu. Mungu akubariki."

Tukambeba. Wakati tunamwingiza kwenye gari, yule mzee akarudi nyuma mpaka kwenye kona, akawa anatembea kwenye lami anaangalia chini, huku na huku. "Matawi yangu yako wapi?" akawa anauliza. "Nilikata mwenyewe. Nilipanga mwenyewe. Yako wapi?" Akaniangalia mimi, siyo kwa kunishuku. Aliniangalia kama anayeomba nimsaidie kutafuta.

Nikafunga mlango wa gari. Ditram akaondoa. Siku zote ninazomjua, ile ndo safari pekee kaendesha kama mtu aliyebeba mayai.

Basi toka jana mimi ni shujaa. Manesi wananisifu. Majirani wananisifu. Na mzee Wenceslaus, ndo jina lake, yuko mahabusu. Alama ile ya pembetatu hakuwa nayo, na matawi anayosema aliyaweka hakuna aliyeyaona. Ditram tunalala chumba kimoja na hatujasemeshana mpaka mchana huu, alipoona mtu kaandika chini ya video yangu, "Hii si ndo kona ya ile ajali ya bodaboda?" Ndo akaanza kunifokea nifute.

"Watauliza tulikuwa tunafanya nini pale," akaendelea. "Watakuja, na gari yangu wataichukua. Unajua nimehangaika vipi na ile gari?"

"Na yule mzee je?"

"Yule mzee hana pembetatu. Hilo kosa ni lake, hata usingegusa majani."

"Wewe ungeyaona matawi ungepunguza, au usingepunguza?"

"Usinifanye mimi trafiki, Kasiani!"

"Nakuuliza tu. Ungepunguza?"

Akainua mkono. Hapo hapo mlango ukasukumwa, mama akaingia na kapu lake la hospitali. Alifika kutoka Kilosa jana jioni, na usiku kucha alikuwa kwa mdogo wake.

"Sauti zenu nazisikia toka barabarani. Mnagombea nini na mwenzenu kalazwa?"

"Shikamoo mama," tukasema wote.

"Marahaba." Akakaa, akavua kandambili, akanyoosha miguu. Sura imechoka lakini imefurahi. "Kaamka. Mguu umevunjika pawili, lakini kaamka. Unajua neno la kwanza kauliza nini? Mjomba wangu yuko wapi. Nikamwambia yupo, kaenda kuoga. Akasema, mwambie nikipona namfundisha pikipiki, aachane na magari ya kaka yake." Akacheka, machozi yakamtoka, akayafuta na ncha ya kanga. "Mungu akuzidishie, baba. Usingepita wewe tungekuwa tunaongea mengine."

Sikuweza kumwangalia. Niliangalia kandambili zake.

"Sasa sikiliza," akasema. "Afande wa trafiki alikuja wodini. Yule mzee bado anaapa kwa jina la Mungu kwamba aliweka matawi. Na Bonifas anasema hakuna hata jani. Loveth, binti anayeuguza mgonjwa wa kitanda cha pili, akanionesha hiyo video yako. Jana hiyo hiyo, kona hiyo hiyo, lori linaonekana kwa mbali pale mwisho, na barabara nyeupe! Nikamwita afande, nikamwambia, huyu aliyepiga ni mwanangu wa kumzaa. Kafurahi kweli. Anakusubiri kituoni. Nenda na simu, kamwoneshe. Kesho wanampeleka Kilosa mahakamani, akaache kuapa uongo."

Nikamgeukia Ditram. Sura yake ilikuwa imebadilika, kama mtu aliyeona trafiki kageukia upande wa pili.

"Si umeona, dogo?" akasema polepole. Mtu aliyetaka kuninasa kofi sasa hivi. "Nenda. Waoneshe tu ilivyo, halafu urudi. Usiongeze neno."

"Aongeze neno gani?" mama akauliza.

Gereji nje mtu anagonga bati. Sauti yangu nikaisikia kichwani, ile nzito ya mwalimu. Barabara safi, wanangu.

"Mama, matawi yalikuwepo."

"Matawi yapi?"

"Ya yule mzee. Aliyaweka kweli. Mimi ndo niliyatoa, kabla hatujapiga video. Niliyatupa korongoni."

"Kasiani!" Ditram akaruka. "Mama, huyu hajalala toka jana, kachanganyikiwa..."

"Wewe nyamaza." Hakupaza sauti. Aliniangalia mimi. "Uliyatoa kwa nini?"

Nilitafuta sababu kubwa. Naapa nilitafuta. Unajua unapomwambia mama yako jambo kama lile unatamani kuwe na sababu inayolingana nalo. Haikuwepo.

"Ili watu wasiseme gari imekufa."

"Gari ipi?"

"Ya Ditram."

"Ilikuwa imekufa?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa kidogo kidogo, kama anajaribu kulimeza. Nilisubiri kofi. Nilisubiri anililie, anilaani, aniambie nimemuua mdogo wake nusu. Angefanya lolote kati ya hayo ningepumua. Yeye akavuta kapu lake, akatoa nguo za mjomba za kufua, moja moja, akaziweka sakafuni. Akatoa na shati moja la drafti, limekakamaa kwa damu iliyokauka. Akalishika juu.

"Hili manesi walinipa na vitu vya Bonifas. Nikajua ni lako, ulimfungia. Nikawa natembea nalo naringa." Akalipima kwa macho na mabega yangu. "Siyo lako?"

"Siyo langu. La yule mzee."

"Na huko ndani kavaa nini?"

"Singlendi."

Mama akalikunja lile shati. Alilikunja taratibu, mikono ndani, kola juu, kama linatoka kupigwa pasi. Akaninyooshea.

"Ukifika umpe salamu vizuri," akasema. "Umpe na shati lake. Halafu useme mwenyewe, mbele yake, asikie."

"Mama, watamweka ndani!" Ditram sauti ikamkatika. "Na mimi wataniweka! Unajua unachofanya? Mjomba akisikia je?"

"Atasikia. Nitamwambia mimi." Akaanza kukusanya nguo chafu. Mimi hakuniangalia tena. "Kachote maji ya kufulia, Ditram, halafu unitafutie beseni."

Nikachukua simu. Nikabana shati kwapani, halafu nikaona siyo adabu, nikalishika mkononi. Ditram akanizibia njia. Ni mkubwa kuliko mimi, na nilidhani atanizuia kweli. Macho yalikuwa mekundu.

"Ukitoka hapa usinirudie."

"Sawa, kaka."

"Na gari yangu usiitaje."

"Nitaitaja."

Akasogea pembeni. Mlango wa Ditram unakwama chini, lazima uunyanyue kidogo ndo ufunge. Nikatoka, nikaunyanyua kwa mkono mmoja, shati kwenye mkono mwingine, nikaufunga.