Darasa kwenye Saluni ya Mabati

Saa mbili asubuhi mama wa genge la mboga alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha plastiki, taulo begani, nywele zimesimama kama zimesikia habari mbaya, na watoto sita wamemzunguka wakibishana juu ya kichwa chake.

"Mistari kumi na sita," msusi alisema. "Pande mbili. Haya, kila upande ngapi?"

Walijibu nane kwa sauti moja. Lakini kujibu ni kazi moja, na kuchora njia kwa mkia wa kitana ni kazi nyingine. Walipomaliza, kushoto kulikuwa na mistari tisa, kulia saba. Mama wa genge alijitazama kwenye kioo, akageuka huku, akageuka kule, akasema anaona kama sikio moja limehamia mbali kidogo. Wakafumua. Wala hakununa, maana aliyekubali kuazima kichwa chake kwa masomo alipunguziwa theluthi ya bei, na jinsi rasta za kusukia zilivyopanda bei siku hizo, theluthi haikuwa jambo la kununia.

Shule yenyewe ilikuwa ng'ambo ya barabara, ukisimama mlangoni pa saluni unaiona. Hiyo ilikuwa wiki ya kumi na moja imefungwa, tangu siku choo kilipotitia kikameza ndoo, fagio na kiatu kimoja cha mwalimu wa zamu. Tangazo la getini lilisema imefungwa kwa muda, na masomo yatatumwa kwenye simu janja za wazazi. Msusi alikuwa na simu ya kitochi iliyobanwa kwa mpira, namba tano imekwama. Alisubiri masomo wiki mbili, zikaja jumbe mbili za bahati nasibu. Ndipo akaanza kufundisha kwa kile alichonacho, yaani vichwa vya watu.

Maana mtihani wa kumaliza shule ya msingi haukufungwa. Ulikuwa palepale, siku tisa mbele, na binti yake ndiye wa kuufanya. Mtoto alikuwa mwepesi wa mikono na wa maneno pia, ila kwenye kugawanya, kila kilichobaki alikitupa. Ukimpa vishungi thelathini na vitatu avigawe mafungu ya vinane-vinane, atakwambia mafungu manne, na kile kimoja anakisukuma nyuma ya sikio la mteja kisionekane. Mama yake alikuwa akimuuliza kila siku kile kimoja kinakwenda wapi. Mtoto alijibu, "Si kimebaki tu?"

Alipotoka mama wa genge, aliingia mwanamke wa sketi ya kijivu mwenye mkoba uliojaa hadi zipu haifungi. Alisema ana mkutano saa nane na anataka mistari ya heshima. Alipoambiwa habari ya theluthi na watoto, akakubali upesi, akakaa.

Wakati upande wa kushoto unasukwa, mgeni aliwauliza watoto maswali matamu-matamu. Wanakuja siku ngapi? Siku zote. Nani anawafundisha? Mama huyu hapa. Na wakikosea?

"Tunafumua," alisema mdogo wao. "Hata wewe tukikukosea utafumuliwa."

Upande wa kushoto ulipokamilika, mgeni alitoa fomu mkobani, akajitambulisha kuwa ni afisa wa ukaguzi kutoka idara ya elimu. Akasoma bila kuinua kichwa, maana kitana kilikuwa bado ndani ya nywele. Watoto sita, somo moja, mwalimu mmoja: hiyo ni shule isiyosajiliwa. Shule lazima iwe na ubao, uwanja wa michezo, mtungi wa kuzimia moto, na tundu la choo kwa kila watoto ishirini na watano.

Msusi alimkabidhi binti yake kitana, akamwelekeza upande wa kulia, ule usiosukwa.

"Shule yenu ina watoto mia sita na kumi na wawili. Kila tundu watoto ishirini na watano. Yatakiwa matundu mangapi?"

Mtoto alichora njia kwenye kichwa cha afisa, akafuta kwa kiganja, akachora tena. Midomo ilikuwa ikicheza.

"Ishirini na manne."

"Umemaliza?"

Mtoto alitazama nywele zilizobaki kisogoni.

"Bado. Wamebaki watoto kumi na wawili. Tunaongeza tundu moja, yawe ishirini na matano." Akaona afisa anamtazama kwenye kioo, akaeleza kwa adabu: "Kwa sababu na hao kumi na wawili wana matumbo, mama."

Msusi aligeuka kidogo, akajifanya anatafuta kopo la mafuta.

"Na pale shuleni yapo mangapi?" aliuliza.

"Hakuna hata moja."

Afisa alisema masuala ya vyoo yako chini ya idara nyingine. Akajaza fomu juu ya goti: kituo kifungwe mara moja. Msusi akaisoma kwa kidole, neno kwa neno, akaikunja, kisha akachukua kitana mkononi mwa binti yake na kukiweka juu ya rafu.

"Tumefunga."

Afisa alijishika upande wa kulia. Nywele zilikuwa zimesimama zote, hakuna hata moja iliyolala. Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro robo.

"Nimalizie kwanza."

"Umeandika mara moja, mheshimiwa. Na wasukaji wenyewe ndio hao wanafunzi. Wakikugusa, shule inaendelea."

"Basi nisuke wewe."

"Mimi ndiye mwalimu."

Afisa alikitazama kioo kwa muda mrefu. Akaichukua tena fomu, akafuta "mara moja", akasema atawapa siku tatu.

"Siku tatu ni mpaka sikioni hapo," alisema msusi.

"Tano."

"Tano tutakufikisha utosini."

"Unataka ngapi, mama?"

"Kumi. Tunamaliza hadi kisogoni, na mafuta juu."

Afisa aliandika kumi, akachokoa muhuri kutoka chini kabisa ya mkoba, akaupulizia pumzi, akagonga. Kisha akainamisha kichwa mwenyewe. Watoto wakarudi kwenye nafasi zao, na binti akauliza kama waanze na robo ya upande au na thumni yake.

Msusi alikwenda mlangoni kuusoma ule muhuri kwenye mwanga. Ng'ambo ya barabara, mbuzi watatu walikuwa wakitoka darasa la nne kwa mstari.