Kilomita Mia Sita Gawanya kwa Siku

Haya ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata punje, randa yangu isilambe tena ubao.

Mwanetu, dereva wa lori, alifia barabarani mama yake akiwa amelazwa kwa kiharusi. Tukamzika bila mama yake kuwapo. Daktari akanionya, "Mzee, mama asipate mshtuko." Basi mke wangu, mwalimu wa hesabu, aliporudi nyumbani na kumuulizia mwanawe, mimi seremala mstaafu nikashika kazi ninayoiweza kuliko useremala: uongo.

"Yuko njiani, Mwalimu. Zimebaki kilomita mia sita. Daraja limesombwa."

Siku ya pili nikasema mia tatu: fundi kamfungia gia kinyume, lori linakuja kinyumenyume. Akacheka mpaka akakohoa. Ya tatu, mia mbili. Ya nne, mia na hamsini. Ya tano, mia na ishirini. Ya sita, mia.

Hesabu mimi nilizichungulia dirishani tu, nikigongelea madawati ya shule yake. Namba hizo nilizichota kwenye daftari lake kuukuu la kufundishia. Niliona zinapungua vizuri.

Akaomba karatasi ya grafu. Kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akatia nukta sita, akaziunganisha. Mchoro ukaporomoka, kisha ukajilaza juu ya mstari wa chini.

"Mzee, mchoro huu utagusa wapi chini?"

"Ongeza karatasi, utagusa tu."

"Hata ubandike hadi sokoni! Siku ya mia, kilomita sita. Siku ya elfu, bado mita mia sita. Huu wa chini darasani niliuita mstari wa karibu. Kila siku mtu yuko karibu, na haingii."

Nikajifanya natafuta miwani. Ilikuwa usoni.

"Hili jedwali ni langu, mwizi wee: mia sita gawanya kwa siku." Penseli ikarudi kushoto kabisa. "Na siku ya sifuri? Mia sita gawanya kwa sifuri?"

"Si ulikuwa unasema haina jibu?"

"Kwenye hesabu haina. Wewe unalo. Siku ya sifuri kulitokea nini, baba watoto?"

Nikamwambia. Barabara ipi, saa ngapi, alivaa shati gani. Nani walibeba jeneza.

"Ulilitengeneza wewe?"

"Mimi."

"Kwa mbao zipi?"

"Zile nilizokuwekea za kabati."

Akalia kwa upande mmoja wa uso. Mimi nikalia kwa pande zote mbili.