Bwawa Lisilovuja

Mtaani walimwita Mama Hakiki, naye hakuchukia. Mwanamke aliyegonga kila tofali kwa ukucha kabla halijashushwa garini angeitwa nani tena? Alikuwa na stashahada ya ugavi, na ofisini kwake hakuna aliyewahi kumuuzia mbuzi kwenye gunia.

Safari hii alikuwa akimtafutia mumewe maji. Mumewe alikuwa mwalimu wa kuogelea, amestaafu, na kiharusi kilikuwa kimemwachia upande mmoja tu wa mwili. Majini, mwili ule ulimtii. Lakini bwawa la shule lilikuwa na ngazi za chuma zilizosimama wima, ikabidi vijana wawili wambebe, tena waliokuwa wanafunzi wake. Alienda mara moja.

"Sirudi," alisema. "Niliwafundisha kuelea, sikuwafundisha kubeba magunia."

Daktari hakuzunguka. "Maji yatazifanya siku zake ziwe nyepesi, mama. Sisemi zitakuwa nyingi."

Basi mama akaamua kujenga bwawa uani, lenye mteremko wa kushukia na kiti cha magurudumu.

Mkandarasi wa kwanza alikuja na simu iliyojaa picha. "Wiki mbili tu, mama, mzee anaruka ndani!"

"Mzee haruki. Na hili bwawa lako lina mlima wa theluji nyuma yake. Ulienda lini huko?"

Yule bwana akakumbuka ana kikao mahali. Wa pili aliitikia kila jambo kabla hajaulizwa. "Anayekubali kabla ya swali atakana baada ya kazi," mama alisema alipokwisha kumfungia geti.

Mumewe akacheka kwa nusu ya mdomo. "Mama watoto, chagua mmoja. Hata huyo wa theluji. Mimi nataka maji, sitaki mashindano."

"Nikuingize kwenye shimo litakalopasuka? Haraka haraka haina baraka, baba."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Wa tatu alikuwa fundi mwenye sauti ya kukwaruza, na hakuonyesha picha hata moja. "Mapya yangu usiyaangalie," alisema. "Bwawa jipya halikosi uzuri. Nenda kwenye yale ya zamani, uwaulize wenyewe."

Mama akayaendea yote. Mwenye bwawa mmoja alikuwa safarini. Akangoja mpaka akarudi. Alipiga magoti kandokando ya maji ya watu, akapitisha kidole kwenye maungio ya vigae, akawauliza hata wafagizi kama maji hupungua. Hayapungui, walimwambia. Akaridhika. Ikabidi tena angoje fundi amalize kazi ya mtu mwingine, kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha kazi ya mwenzake njiani. Mvua zikaja, zikaondoka. Mumewe alikuwa ameanza kulala mchana, na hakuuliza tena habari za bwawa.

Hatimaye shimo likachimbwa, nondo zikafungwa, zege likamwagwa.

"Sasa zege hili linyweshwe maji asubuhi na jioni, wiki nne," fundi alisema. "Likikauka haraka litapasuka."

Mama akamtazama mumewe aliyesinzia kibarazani. Akashusha sauti. "Na ukifupisha kidogo?"

Hakuwahi kumwomba mtu jambo kama hilo maishani mwake. Fundi naye akamtazama mzee.

"Mama, ulinichagua kwa sababu gani?"

Mama akaenda kuleta mpira wa maji.

Kazi ya kunywesha aliitaka mwenyewe mwalimu. Kila asubuhi mama alimsukuma hadi ukingoni, akamshikisha mpira wa maji kwenye mkono mzima, naye akazilowesha kuta polepole, upande hadi upande, kama anayeogesha ng'ombe wa thamani. Akimaliza, aligeuzia mpira kwenye miguu yake mwenyewe. Siku moja akamgeuzia mkewe.

"Baba wewe! Natoka saluni!"

"Jifunze kuelea," akamwambia. Alicheka mpaka mpira ukamponyoka.

Asubuhi moja ya wiki ya tatu, mama akiwa jikoni, alisikia maji yanaanguka mahali pamoja, hayasogei.

"Baba, sogeza mpira! Utautoboa ukuta!"

Maji yakaendelea kuanguka palepale.

Mazikoni hakulia. Alipanga viti, akawakaripia waliochelewa, akahakiki hata kina cha kaburi. Matanga yalipokwisha, fundi akaja, kofia mkononi.

"Pole sana, mama. Tuendelee, au tufukie?"

"Tufukie, mama," akadakia binti yake, kitindamimba. "La nani sasa?"

"Malizia," mama akamwambia fundi. "Nataka kuliona."

Fundi akalimaliza. Akalijaza maji, akachora mstari wa penseli kwenye kigae, sawasawa na uso wa maji. "Tuliache siku chache. Yakishuka upana wa kidole, hilo ni jua. Yakizidi hapo, kosa ni langu."

Siku hizo zote mama alilikagua. Aligonga vigae kimoja kimoja akisikiliza kama kuna chenye uwazi chini yake. Alipitisha kiganja kwenye bomba la kushikia, akitafuta penye kukwaruza. Alikisukuma mteremkoni kiti kitupu cha magurudumu. Kikashuka taratibu, kikasimama pale kilipotakiwa kusimama. Alitaka ufa mmoja tu. Angepata ufa, angesimama katikati ya mtaa amtukane fundi mpaka sauti ikauke, na angekuwa na mtu wa kumlaumu mbali na yeye mwenyewe.

Asubuhi ya mwisho aliinama penye mstari. Kidole hakikutoshea kati ya penseli na maji.

"Vipi, mama," binti akauliza kutoka mlangoni, "linavuja?"

"Halivuji hata tone."

Akaketi mteremkoni na gauni lake, maji yakamfika kifuani, akalia mpaka binti akaacha kumwambia anyamaze, akaja kuketi karibu naye.